Mitego inayoacha alama: mwongozo kwa waongoza mchezo

Katika kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, mhusika akipumzika kwa muda wa saa 8 anaamka na pointi zake zote za uhai. Shimo lenye mikuki lililomtoboa jana jioni limekwisha kazi. Anajifunga mkanda, anapakia mzigo, safari inaendelea kana kwamba hakukuwa na shimo. Ndiyo maana mitego mingi mezani haitishi mtu: ni kodi ya pointi kumi, inalipwa usiku, inasahaulika asubuhi. Mtego unaoacha alama unafanya kazi nyingine. Unaondoa njia rahisi, na wachezaji wanalazimika kutafuta nyingine kwa vikao viwili au vitatu vinavyofuata.

Namba zilizomo humu zinafuata kanuni hizo za toleo la tano. Sehemu yake ya msingi, SRD 5.1, iliwekwa huru chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo ukitaka kurasa chache za kuweka mezani, zipeleke kwenye fotokopi bila wasiwasi. Tunaandika 2d10 kumaanisha dadu mbili za pande kumi.

Alama moja, kitu kimoja

Alama ni kile kinachobaki baada ya maumivu kuisha. Inaweza kukaa mwilini: kifua, mkono, jicho. Inaweza kukaa kwenye mali, kama unga wa safari ulioingia maji au kamba zilizooza zote kwa pamoja. Inaweza kukaa kwenye jina la mtu, kiasi kwamba kila mbwa wa mjini anamnusa na kubweka. Au inakaa mahali penyewe: mlango wa kurudia umezibwa. Chagua moja tu. Mwongoza mchezo anayeweka alama ya mwili, ya mali na ya jina katika mtego mmoja ataona wachezaji wanaikumbuka moja, na mara nyingi ndiyo ile aliyoithamini kidogo.

Kabla ya kuandika namba yoyote, jiulize: kikao kijacho, watafanya nini tofauti kwa sababu ya mtego huu? Ikiwa jibu ni "watapunguza 2 kwenye kila mtupo", chana karatasi uanze upya. Kupunguza namba kunasahaulika haraka sana. Mchezaji anatupa dadu, anajumlisha kama alivyozoea, na wewe unageuka karani wa kumkumbusha. Alama inayokaa akilini imefungwa kwenye tendo: *akikimbia, hawezi kutamka uchawi*. Mwenye mhusika ataikumbuka kila anapotaka kukimbia, maana ndipo inapomuuma.

Epuka pia kupunguza sifa za msingi kama Nguvu au Ustahimilivu. Ustahimilivu ukishuka, pointi za uhai zinabadilika kwa kila kiwango, mitupo ya kujiokoa (dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza, ifikie ugumu uliowekwa) inabadilika, na fishi nzima ya mhusika inafutwa kwa raba katikati ya kikao. Kazi ni nyingi, hofu ni ndogo.

Idumu hadi lini

Alama inayoisha kwa kulala usiku mmoja ni nusu alama. Inafaa tu pale kikao kizima kinapopita ndani ya siku moja ya hadithi. Inayodumu milele ni ghali, na isiwekwe isipokuwa nayo inampa mhusika kitu. Iliyo bora ni ile inayodumu *hadi jambo fulani lifanyike*, kwa sababu hilo jambo ndilo hadithi yako ya kikao kijacho.

Wengi huweka mtupo wa kujiokoa kila asubuhi wakidhani wameweka kitu kirefu. Hesabu inasema vingine. Mhusika mwenye +2 dhidi ya ugumu 13 anahitaji 11 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nusu kwa nusu. Kwa wastani atapona baada ya asubuhi mbili, na ikifika asubuhi ya tatu ni mmoja tu kati ya wanane ambaye bado anaumwa. Ukitaka idumu bila kuifanya ya kikatili, dai mafanikio matatu kwa jumla, si lazima yafuatane. Mwenye +2 atahitaji asubuhi 6 kwa wastani, mwenye +5 kama 5 hivi. Tena mchezaji anaona anapanda ngazi. Anatia alama ya biki moja, kesho ya pili.

Uchovu uliomo tayari kwenye kanuni unavutia kwa sababu una viwango 6 na unapungua kimoja tu kwa kila mapumziko marefu, yaani zile saa 8. Utumie kwa kipimo. Kwenye kanuni za 2014, kiwango cha 3 kinamfanya mhusika atupe dadu mbili na kuchukua ndogo katika kila shambulio na kila mtupo wa kujiokoa. Yule aliyekuwa na nusu kwa nusu sasa ana robo. Mtego wa pili utamnasa, atachoka zaidi, na wa tatu utamuua, wakati wewe ulikusudia tu kumpunguza kasi. Kanuni zilizorekebishwa 2024 ni laini kidogo: kila kiwango kinaondoa 2 kwenye mitupo ya d20 na futi 5 kwenye mwendo, lakini cha 6 bado ni kifo. Kwa toleo lolote, mtego mmoja usitoe zaidi ya kiwango kimoja kwa mara moja.

Iite jina gani: sumu, ugonjwa au laana

Hapa ndipo mitego mingi mizuri inapokufa kabla ya kuishi. Ukiandika "sumu" au "ugonjwa", kwenye kanuni za 2014 uchawi wa kuponya wa daraja la 2 unaifuta, na kuhani anaupata akiwa kiwango cha 3. Paladini, yaani askari mtakatifu, anaifuta kwa kuweka mikono, kwa pointi 5 tu. Ukiandika "laana", inahitaji uchawi wa daraja la 3, yaani kuhani wa kiwango cha 5. Kugeuzwa jiwe au kupunguzwa kiwango cha juu cha uhai kunadai uchawi wa daraja la 5, kuhani wa kiwango cha 9, na vumbi la almasi la vipande 100 vya dhahabu.

Kwa hiyo angalia fishi ya mganga wa kundi kwanza, kisha ndipo uandike jina. Kundi la kiwango cha 4 lenye paladini likipewa "sumu ya kutisha ya mfalme aliyelala" litaiponya kabla hujamaliza kuieleza.

Usilipize kwa kusema uchawi wao haufanyi kazi. Mchezaji aliyechagua kuwa mganga alichagua ili aponye. Njia ya haki ni kuandika mapema kwamba uchawi wa kuponya unahesabika kama hatua moja kati ya tatu. Mganga anafaa, alama inabaki.

Namba za kuanzia

Kwa wahusika wa kiwango cha 1 hadi 4, kanuni za 2014 zinapendekeza madhara ya 1d10 kwa mtego wa kukwamisha, 2d10 kwa mtego wa hatari, na 4d10 kwa mtego wa kuua. Kiwango cha 5 hadi 10 ni 2d10, 4d10 na 10d10. Ugumu wa kujiokoa ni 10 hadi 11, kisha 12 hadi 15, kisha 16 hadi 20.

Sheria yetu ya meza ni fupi: alama ikidumu zaidi ya siku moja, shusha madhara daraja moja na uache ugumu palepale. Mtego wa hatari wenye alama utoe 1d10, si 2d10. Alama ndiyo nusu nyingine ya pigo. Usipofanya hivyo mhusika anaanguka, kundi linarudi kambini, na alama yako inaanza maisha yake mbele ya watu waliolala.

Hesabu pia idadi ya wanaotupa. Watu wanne wenye +2 dhidi ya ugumu 13: uwezekano kwamba angalau mmoja atashindwa ni 15 kati ya 16. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo, na hewa mbaya au vumbi havichagui aliyekanyaga. Ukiweka eneo zima, jua kwamba karibu kila mara mtu atatoka na alama, na mara nyingi wawili. Ukitaka mmoja tu, mtego umguse anayeshika kitu.

Mfano kamili: Bonde la Pumzi Nzito

Aliyekulia Goma hahitaji kuelezwa mazuku. Kwenye mashimo ya mawe meusi, kando ya ziwa na kwenye barabara ya Sake, hewa ya kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala chini, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Haina rangi, haina harufu. Anayesimama anaweza kupita, mbuzi na mtoto wakaanguka. Kwa mtengeneza mitego hiki ni kifyatuzi bora kuliko kamba yoyote, kwa kuwa hakuna cha kutegua. Kuna saa, kuna kimo, kuna uamuzi.

Kiwango cha wahusika: 3 au 4.

Mahali: kishimo cha lava cha mita 9 kwa 9, yaani miraba 6 kwa 6, kina mita 2. Katikati kuna sanduku lililofungwa kwa minyororo mitatu. Kila kufuli linachukua dakika moja kufunguliwa, na anayefungua lazima ainame.

Ishara: ndege wawili wamekufa chini, hawana jeraha. Hii wape bila dadu. Nyasi za chini ni kahawia na za juu ni kijani, na mpaka kati yake umenyooka; mtupo wa Uangalifu wa 13 unatosha kuuona, wa Elimu ya maumbile wa 12 kuuelewa. Mwenge ukishushwa chini ya mpaka huo unazimika. (Hilo ni la mezani tu. Kwenye mazuku ya kweli, moto unapozimika hewa hiyo tayari ni hatari kwa mtu.)

Kifyatuzi: mdomo na pua kuwa chini ya mpaka. Alfajiri mpaka uko sentimita 120 kutoka chini, jua likipanda unashuka hadi 60, mchana wenye upepo hakuna kitu. Mtu mfupi wa ukoo wa hobi, mwenye sentimita 90, alfajiri amezama akiwa wima. Mwanadamu anazama akiinama kwenye kufuli.

Pigo: kila mwisho wa zamu akivuta hewa hiyo, mtupo wa Ustahimilivu, ugumu 13. Akishindwa mara ya kwanza, 1d10 na alama. Akishindwa mara ya pili anazimia, na akiwa chini anapata 1d10 kila zamu hadi avutwe nje.

Alama, *Kifua kizito*: akitumia zamu yake kukimbia au kupanda, raundi inayofuata hawezi kutamka uchawi wenye maneno, kupiga kelele, wala kutoa pigo la kujibu.

Kutoka: alale usiku mzima mara tatu mahali pa juu penye upepo. Uchawi wa kuponya unahesabika kama usiku mmoja. Mvuke wa majani ya mganga wa kijijini pia ni usiku mmoja, lakini mganga anaishi bondeni, si juu, na hapo ndipo pana kazi.

Sasa matatizo yake. La kwanza ni kubana pumzi. Kanuni zinamruhusu mhusika kubana pumzi dakika 1 ukiongeza nyongeza yake ya Ustahimilivu, na kwa uchache sekunde 30. Mwenye +2 ana dakika 3, sawasawa na makufuli matatu, bila muda wa kuingia na kutoka. Ndiyo sababu tumeweka minyororo mitatu, si miwili. Ukibadilisha kundi, badilisha idadi ya makufuli: iwe ya kutosha ili mtu mwenye Ustahimilivu mkubwa kuliko wote akose kidogo tu. Na kumbuka anayebana pumzi hawezi kutamka uchawi.

La pili ni mbilikimo wa mchezo huu. Ukoo wake unavumilia sumu, na mchezaji atauliza. Hii si sumu, ni kukosa hewa, kwa hiyo uvumilivu huo haumsaidii. Mwambie kabla hajashuka, mhusika wake angelijua hilo.

La tatu si tatizo: watasubiri mchana. Ni jibu sahihi, acha lilipe, ila mchana uwe na bei yake. Chora duara lenye vipande 6. Kila mapumziko marefu jaza kimoja. Likijaa, kundi pinzani limefika. Bila saa ya namna hii, kila alama inayopona kwa kulala ni likizo tu.

Alama ya mahali, na alama inayolipa

Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, na kuna nyumba ambazo ghorofa yake ya chini ilifukiwa; mji ukajengwa tena juu ya jiwe lilelile. Kwa mchezo, somo ni kwamba mtego unaweza kuiacha miili mizima na kuibadilisha ramani. Kifyatuzi kinafungua bwawa la moto, lava inapita ukumbini kwa raundi 5, uso wake unakuwa mweusi mapema lakini ndani ni moto kwa siku nyingi. Andika mambo mawili tu: njia gani imezibwa, na ipi imefunguka kwa sababu sakafu imepanda mita 2. Dirisha lililokuwa juu sana sasa ni mlango. Usipoweka njia mpya, umefunga mlango na kuua kikao.

Alama inayolipa ni tofauti. Mfano wa Mkono wa Shaba unatoka kusini, Katanga, ambako misalaba ya shaba ilitumika kama fedha. Sanduku lina misalaba 6. Anayeuinua kwa ngozi tupu anafanya mtupo wa Ustahimilivu, ugumu 14. Kitambaa au glavu inamkinga. Akishindwa, mkono hadi kiwiko unageuka shaba: hauwezi kuandika, kutegua wala kuvuta upinde, lakini unashika makaa bila kuungua na ngumi yake inatoa 1d6 inayohesabika kuwa ya uchawi. Kila msalaba ukirudishwa sandukuni, sehemu moja inapona: vidole vitano kwanza, kiganja hadi kiwiko mwisho. Uzuri wake ni kwamba kufikia hapo misalaba miwili imekwisha kutumika sokoni, na ni lazima mtu akamtafute mwenye duka. Wengine wataamua kubaki na shaba. Waache.

Usimpe mpiga upinde alama hii kwenye mkono. Hiyo inachukua kiini cha mhusika, na mchezaji atakaa vikao vitatu akitazama wenzake wanacheza. Hamishia mguuni: una kelele, unazama majini, unakanyaga moto. Vivyo hivyo kwa ulimi wa mchawi. Chukua pembezoni, kiini kiache.

Mezani

Andika kila alama kwenye kikaratasi kigumu, robo ya A4, maneno yasiyozidi ishirini, herufi kubwa, na ukiweke mbele ya mchezaji mwenyewe. Usiiweke kwenye simu. Umeme ukikatika na betri ikiisha, alama inaisha nayo. Nyuma ya kikaratasi andika njia ya kupona, kisha kigeuze pale tu wahusika wanapoigundua. Kila mhusika asiwe na zaidi ya alama moja, na kundi zima zisizidi mbili kwa wakati mmoja. Ya tatu ikija, badala yake ifanye iliyopo irudi nyuma hatua moja.

Ishara zikiwa chache mno, utaona dalili baada ya dakika kumi: wanagonga kila jiwe kwa fimbo ya mita 3. Hilo halitokani na woga wa wachezaji. Linatokana na mtego uliopita ambao haukuwapa nafasi. Wape ishara mbili za bure katika mtego unaofuata, na fimbo itarudi mgongoni.

Jambo moja la kuulizwa kabla ya kikao cha kwanza, faragha, mtu kwa mtu: nini kisiingie mezani. Hapa kwetu mazuku, lava na vitu vinavyolipuka ardhini si mambo ya kubuni, na aliyempoteza ndugu hatakiwi kujieleza mbele ya wenzake. Akikataa hewa nzito, badilisha bonde liwe la ukungu unaoiba sauti. Namba zote zinabaki.

Mwisho, jiandae kwa ombi litakalokuja, maana litakuja: watataka kuibeba hewa hiyo kwenye viriba wakamtupie adui. Wakubalie. Kiriba kimoja cha ngozi ya mbuzi kinajaza chumba cha mita 3 kwa 3 kisicho na upepo, hadi sentimita 60 kutoka sakafuni, kwa dakika moja. Aliyesimama hadhuriki. Aliyelala, aliyeangushwa au mwenye kimo cha panya anatupa ugumu 13. Kukijaza ni kushuka bondeni alfajiri, kuinama, na kukaa chini ya mpaka raundi 3.